TV inatoa sauti lakini kioo kiko giza: kioo kimekufa kweli, au ni taa za nyuma?

Isevya_TBR

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaojua kabla hela haijatoka mfukoni.

TV ni ya LED, inchi 32, si smati. Ukiwasha, nembo inaonekana kama sekunde moja au mbili halafu kioo kinakuwa giza. Sauti inaendelea vizuri, rimoti inabadilisha chaneli, king'amuzi hakina shida. Kabla haijafika hapo, picha ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya ubluu, na chini kushoto palikuwa na kivuli. Fundi wa kwanza kasema kioo kimekufa, nunua nyingine. Wa pili kasema ni bodi. Wote wawili hawakuifungua.

Naomba kujua: nitahakikishaje ni nini? Kama inatengenezeka, fundi anatakiwa afanye nini hasa ili nimsimamie? Na hapa Tabora mjini umeme ukikatika hurudi kwa kishindo, je, hilo ndilo limeua?

Fundi_Ngambo

Karibu mkuu. Dalili ulizotaja zinaelekeza sehemu moja: taa za nyuma ya kioo. Kioo chenyewe hakitoi mwanga, kinachuja tu mwanga unaotoka kwenye taa ndogo za LED zilizopangwa kwenye stripu za bati nyuma yake. Taa zikizima, picha bado ipo ila huioni.

Hakikisha hivi. Subiri usiku, zima taa za chumbani, washa TV. Chukua tochi yenye mwanga mkali, isogeze karibu na kioo, imulike kwa kuiinamisha upande, huku ukibonyeza kitufe cha menyu kwenye rimoti. Ukiona maandishi ya menyu kwa mbali kama kivuli, kioo ni kizima na bodi kuu ni nzima. Usipoona chochote kabisa, hapo ndipo mazungumzo ya bodi au kioo yanapoanza.

Ile sekunde ya nembo kuonekana ina maana yake. Taa zimeunganishwa kwa mfululizo, moja ikikatika zote zinakosa umeme. Saketi inayoziendesha inapowasha hujaribu kusukuma, ikigundua mkondo haupiti kama inavyotakiwa inajifunga ili isiungue. Taa inayokaribia kufa huwa inashika kidogo kisha inaachia. Na ule ubluu ni taa zilizochoka: LED nyeupe kwa asili ni ya bluu yenye unga wa manjano juu yake, unga ukiungua kwa joto bluu inabaki peke yake. Kwa hiyo TV ilikuwa inakuaga taratibu, haikufa kwa usiku mmoja.

Isevya_TBR

Nimejaribu tochi. Menyu inaonekana, hafifu lakini inasomeka. Ahsante sana mkuu. Sasa hatua inayofuata?

Fundi_Ngambo

Vizuri. Basi usikubali kuuziwa kioo.

Kwanza usalama, na hili lisikilizwe na kila anayesoma hapa. Kwenye bodi ya pawa kuna kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme) kubwa la volti 400 au 450. Umeme wetu ni volti 230, ukigeuzwa kuwa wa moja kwa moja (DC) ndani ya TV unafika kama volti 325, na kapasita linaweza kubaki nao hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Chomoa, subiri dakika 10, kisha pima kwa mita kwenye miguu ya kapasita. Kama bado kuna kitu, utoe kwa kuugusisha na balbu ya zamani ya nyuzi yenye waya mbili. Usitumie bisibisi kupiga shoti, utaharibu bodi na unaweza kuunguza macho.

Kifuniko cha nyuma kikishatoka, kabla ya kugusa kioo, pima volti kwenye soketi ya waya mbili zinazokwenda kwenye taa. Weka mita kwenye umeme wa moja kwa moja, kipimo cha juu, kwa sababu hapo panaweza kufika zaidi ya volti 100. Washa TV. Volti zikiruka juu kisha zikaanguka, saketi ya kuendesha taa ni nzima na mnyororo wa taa ndio umekatika. Zisipopanda kabisa, shida iko kwenye saketi yenyewe, au amri ya kuwasha taa haitoki bodi kuu, na hapo hakuna haja ya kufungua kioo.

Kioo ndicho kinachoangusha mafundi wengi. Kinahitaji watu wawili. Pembeni kuna tepe nyembamba zinazokiunganisha na bodi zake, tepe moja ikichanika unapata mistari isiyotibika. Kilaze kwenye blanketi safi, mkishike kwa pande mbili kwa pamoja, msikinyanyue kwa kona moja hata kidogo. Nyuma yake kuna karatasi za plastiki 2 au 3 na ubao mweupe mnene. Ziwekee alama ya kalamu kwenye kona moja kabla ya kuzitoa, zirudi kwa mpangilio na upande uleule, na uzishike kwenye kingo tu. Msimu huu wa kiangazi vumbi la Tabora linaingia kila mahali: funga madirisha, nyunyiza maji sakafuni, zima feni. Vumbi lililonasa kati ya karatasi utaliona kama madoa kila siku, na dawa yake ni kufungua upya.

Mzee_Kiloleni

Naongeza moja. Mwambie fundi asitafute taa moja iliyokufa akaishia hapo. Atakwambia anairuka kwa kipande cha waya, TV itawaka kweli, kwa sababu saketi inasukuma mkondo uleule na kushusha volti yenyewe. Lakini pale patabaki kivuli, na zilizobaki zimeshakula masaa yaleyale. Utamrudia baada ya muda mfupi na kioo kitafunguliwa tena, na kila kufungua ni bahati nasibu. Badilisha stripu zote kwa pamoja.

Fundi_Ngambo

Mzee ameongea ukweli, hasa kwa TV iliyokwisha kugeuka bluu.

Sasa stripu za kununua. Usiagize kwa jina la TV. Modeli moja inaweza kutoka kiwandani na stripu za aina mbili au tatu tofauti. Fungua kwanza, kisha soma maandishi yaliyochapwa kwenye stripu yenyewe. Ipige picha ikiwa pembeni ya futi ya kupimia: urefu kwa milimita, idadi ya taa, nafasi kati ya taa na taa, na soketi iko upande gani. Picha hiyo ndiyo unamtumia muuzaji wa Kariakoo, mzigo unakuja na basi.

La mwisho na muhimu kuliko yote hapo: taa ni za volti 3 au volti 6? Kwa macho zinafanana. Njia rahisi ni betri ya volti 9 pamoja na rizista (kipande kinachopunguza mkondo) ya omu 470 kwenye waya mmoja. Gusa taa moja iliyo nzima, ikiwaka pima volti kwenye miguu yake wakati inawaka. Utapata karibu 3 au karibu 6. Wengine hutumia mita kwenye alama ya dayodi. Kwa njia hiyo taa ya volti 3 huweza kuwaka hafifu, ya volti 6 haiwaki, na fundi asiyejua anadhani imekufa. Ukifunga za volti 3 mahali pa za volti 6, au kinyume chake, ama saketi inajifunga ama unaziunguza.

Kila taa ina lenzi ndogo ya plastiki juu. Ikidondoka unaona doa jeupe kali kama mwezi kwenye picha. Kuigandisha tumia gundi ya kuchanganya mirija miwili. Supagluu haifai, mvuke wake unaifanya lenzi kuwa na ukungu mweupe. Na stripu zigandamane na bati vizuri, maana bati ndilo linalotoa joto. Stripu iliyoinuka katikati inaungua mapema.

Isevya_TBR

Nimeelewa wakuu. Stripu mpya nazo zitadumu? Na hoja ya umeme bado sijajibiwa.

Fundi_Ngambo

Zitadumu ukizipunguzia kazi. TV nyingi za bei nafuu zinatoka kiwandani zikiwa zimewekwa mwanga wa mwisho ili zing'ae dukani. Ingia kwenye menyu ya picha, tafuta sehemu iliyoandikwa Backlight, ishushe hadi 50 au 60. Usichanganye na Brightness, kwenye TV nyingi hiyo inabadilisha weusi wa picha tu na taa zinabaki zinaungua vilevile.

TV yako ikiwa haina sehemu hiyo, fundi anaweza kupunguza mkondo kwenye bodi. Karibu na IC (chipu) ya kuendesha taa kuna rizista ndogo zilizounganishwa sambamba, ndizo zinazopanga mkondo. Zikiwa 3 zenye thamani sawa, ukitoa 1 mkondo unashuka kwa theluthi. Macho hayataona tofauti kubwa sebuleni, lakini joto linashuka sana. Asitoe zote, na asiguse kama hajazitambua kwa uhakika.

Mama_Gungu

Nipo Kigoma, nijibu la umeme maana huku tunalijua.

Umeme mdogo peke yake hauui TV nyingi za sasa. Tazama kibandiko cha nyuma, kikiwa kimeandikwa 100–240V basi hata ukishuka hadi 160 inaendelea. Kinachoua bodi ni ule msukosuko wa umeme kurudi, radi, na nyutro kukatika. Hii ya mwisho ni hatari kubwa: waya wa nyutro ukiachia kwenye nguzo, nyumba nyingine zinapata umeme hafifu na nyingine zinapata volti 300 na zaidi. Ukiona taa za nyumbani zimeng'aa kupita kawaida ghafla, au baadhi ya nyumba zinang'aa na nyingine zinafifia, usianze kuchomoa kimoja kimoja. Nenda meni swichi, zima yote, kisha toa taarifa.

Nunua gadi ya TV. Inakata umeme ukipita kiwango au ukishuka mno, na umeme ukirudi inasubiri kama sekunde 30 kabla ya kuruhusu. Usichukue ya friji ukaiweka kwenye TV kwa kudhani ni bora, ile inasubiri kama dakika 3 kwa ajili ya kompresa. Na gadi haisawazishi umeme, hiyo ni kazi ya stabilaiza.

Lakini dada au kaka, gadi hailindi waya wa dishi wala wa antena! Mvua za kuanzia Novemba zikianza na radi zake, chomoa plagi ukutani na uchomoe pia waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Radi ikiingia kwa dishi inapita king'amuzi, inapita HDMI, inamaliza bodi kuu ya TV huku gadi ikiwaka taa ya kijani.

Tena kuhusu HDMI: ile shoti ndogo inayotekenya ukigusa bati la king'amuzi ni mvujo wa kawaida wa vifaa vyenye plagi ya miguu miwili isiyo na ethi (waya wa ardhini). Mkondo ni mdogo sana kwa mtu, ila unatosha kuua tundu la HDMI ukichomeka waya vifaa vikiwa na umeme. Zima na uchomoe vyote viwili kwanza, unganisha, ndipo urudishe umeme.

Kasulu_Sola

Kwa wanaotumia TV za volti 12 za sola: taa zikipepesa usiku, anzia kwenye betri kabla ya kufungua TV. Ikishuka chini ya volti 11 saketi ya taa inashindwa kupandisha. Pima kwenye plagi ya TV ikiwa inawaka, si kwenye betri. Waya mwembamba wa mita 10 unaweza kula volti nzima njiani.

Isevya_TBR

Ahsanteni wote. Kwa jibu la Mama_Gungu naona umeme si mkosaji mkuu kwenye hii yangu, ni taa kuchoka.

Fundi_Ngambo

Ndiyo mkuu, ubluu na kivuli vilitangulia. Kabla hamjarudisha kioo, washeni TV na stripu mpya zikiwa wazi, muziache ziwake dakika 20 mkizitazama kwa pembeni, maana zinaumiza macho. Ikiwepo inayopepesa au hafifu, ibadilishwe hapohapo.