Bagno di Romagna bila gari, inawezekana?

Binti_Tanga: Habari zenu. Mama anakuja kunitembelea Bologna mwezi wa 10, na magoti yanamsumbua. Nataka nimpeleke Bagno di Romagna, mji wa chemchemi za maji ya moto huko milimani, akaoge. Sina gari. Na tukitoka majini, kuna cha kuona?

Mzee_wa_Forlì: Mpeleke, mwanangu. Treni hadi Cesena, halafu basi la kupanda milimani. Jumapili mabasi ni machache. Maji yanachimbuka yenyewe, yana joto la nyuzi 45 hivi. Kama ana presha, aulize daktari kwanza. Bebeni kofia za kuogelea.

Mjini kwenyewe ni tambarare, atatembea taratibu. Msimamishe mbele ya Palazzo del Capitano, jumba la zamani la makapteni, yaani watawala waliotumwa na Firenze: ukuta umejaa ngao zao za mawe, moja juu ya nyingine. Mimi hapo sichoki.

Binti_Tanga: Shikamoo mzee, asante sana! Na kwenye msitu wa karibu na mji, je?

Mzee_wa_Forlì: Marahaba. Oktoba ndio wakati wake, majani ya miti ya faggio yanageuka rangi ya shaba. Sasso Fratino, sehemu ya msitu iliyohifadhiwa tangu 1959, hairuhusiwi kuingia, na ni haki kabisa. Njia nyingine za hifadhi ziko wazi.

Kaka_Modena: Jioni kuna baridi. Mama apate sweta zito.