Mdogo wangu anataka kuacha lithiamu kabla ya Ramadhani. Nifanyeje?

BintiMjiKale, Mombasa

Asalaam aleikum, na habari kwa wote. Naomba mawazo ya waliopitia haya au wanaofanya kazi hospitali.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26, ni fundi simu hapa mjini. Mwaka jana alinyong'onyea akawa haogi, chakula hagusi, mchana kutwa kajifunika shuka. Zahanati ya karibu wakasema ni sonona, wakampa amitriptilini ya kumeza usiku. Baada ya wiki chache akaamka, tukamshukuru Mungu. Kumbe aliamka akapitiliza. Halali, anaongea mpaka sauti inakauka, anawagawia watu simu za wateja, siku moja kaenda kupeleka posa nyumba mbili. Shangazi akasema ni jini, tukazunguka kwa masharifu. Mwisho tukamfikisha kwa daktari wa magonjwa ya akili, akasema ni baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu kupita kiasi kisha ukamshusha kwenye sonona. Akamsimamishia amitriptilini, akampa olanzapini ya kumtuliza kwa muda na lithiamu, na hiyo lithiamu ndiyo anayoendelea nayo.

Ametulia, alhamdulillah, na duka limefunguliwa. Lakini mikono inamtetemeka akilehemu, kiu haimwishi, usiku haja ndogo haimpi raha. Kubwa zaidi ananiambia, "Dada, hii dawa imenizima." Anataka kuiacha Shaaban hii hii ili afunge kama wenzake. Mama anamuunga mkono, anasema mtoto keshapona. Kliniki foleni ni ndefu na ukiingia ndani hamkai.

Je, anayolalamikia yanatokana na dawa kweli? Anaweza kufunga huku anaimeza? Na akiiacha itakuwaje?

FundiNgamiani, Tanga

Waaleikum salaam dada. Mimi ni fundi cherehani. Lithiamu nilianza kuimeza kifungua mimba wangu hajaanza shule, sasa yuko sekondari. Nakujibu kama mmezaji, udaktari sina.

Mikono ni kweli kabisa, mwamini. Mimi mwanzoni uzi ulikuwa hauingii kwenye tundu la sindano. Mtetemo mdogo wa vidole unajulikana sana kwa dawa hii, na kahawa na muguka (yale majani ya kutafuna) huuzidisha. Nilimwambia daktari wangu wazi kwamba mikono hii ndiyo inayolisha nyumba. Akapima damu, akaona kiwango kimepanda kuliko ninachohitaji, akapunguza dozi. Sasa napiga matundu ya vifungo kwa mkono. Nina mwenzangu wa kliniki yeye alipewa propranololi kidogo, ikamsaidia. Kwa hiyo kuna mengi ya kujaribu kabla ya kuacha, ila yote yanategemea mgonjwa aseme anafanya kazi gani. Kwenye faili daktari anaona "ametulia", haoni chombo cha kulehemu.

Hili la kuzimwa sasa, naomba mlitazame kwa makini kuliko yote, kwa sababu ndilo linalowatoa watu kwenye dawa.

Nilipotoka kwenye kupanda kwangu kukubwa (nilikopa majora ya kitambaa kujaza chumba, nikashona sare za shule ambazo hakuna aliyeziagiza) nilikaa muda mrefu sina ladha ya chochote. Nikailaumu dawa. Daktari akaniuliza kuhusu usingizi, hamu ya kula, na kama asubuhi ni nzito kuliko jioni. Ilikuwa sonona. Baada ya kupanda sana mara nyingi huja kushuka, na humpata hata asiyemeza kidonge. Ni ugonjwa wenyewe huo, na unatibika.

Baadaye uzito ukanirudia kwa sura nyingine. Nikanenepa, nikawa nasikia baridi Tanga hii hii yenye joto, choo kigumu, mawazo yanakwenda polepole. Safari hiyo ilikuwa tezi ya shingo. Lithiamu inaweza kuipunguzia kazi, na kipimo cha damu kinaonyesha. Niliongezewa kidonge cha homoni ya tezi, lithiamu ikabaki palepale. Muulizeni daktari kama mdogo wako amepimwa tezi na figo, kabla ya kuanza na tangu aanze. Vipimo hivyo hurudiwa kila baada ya miezi sita hivi.

Na lipo jingine ambalo ndugu zetu hawapendi kulisikia: kuna kitu kinapotea kweli. Kushona usiku kucha bila kuchoka, kila rangi inawaka, kila mtu unampenda. Hilo halirudi, na mtu analililia moyoni. Ndugu zangu walikuwa wakiniambia "shukuru umepona", nami nikawa nanyamaza, na aliyenyamaza ndiye anayekuja kutupa vidonge chooni. Mkalishe akusimulie alivyokuwa akijisikia wakati ule, umsikilize bila kumrekebisha.

Kuacha ghafla ni hatari, dada. Ugonjwa hurudi kwa kasi, hasa miezi ya mwanzo, na hatari ya mtu kujidhuru nayo huongezeka. Wapo wanaoiacha kwa mpango na daktari, wakipunguza kidogo kidogo kwa wiki nne au zaidi, hata miezi mitatu. Kwa aliyepanda mwaka jana tu, sidhani kama kuna daktari atakayeanza na hilo.

MamaWodi

Mwanangu BintiMjiKale, mimi ni muuguzi mstaafu wa wodi ya akili. Fundi kaeleza vizuri. Nami naongeza hili la kufunga.

Lithiamu ni chumvi, na figo zinaichukulia karibu sawa na chumvi ya chakula. Mwili ukikaukiwa maji, au ukipunguza chumvi ghafla, figo zinashikilia chumvi zisiipoteze, na lithiamu nayo inabaki ndani. Kwa wengi kiwango cha lithiamu kwenye damu hutakiwa kiwe kati ya 0.6 na 1.0 mmol/L, kipimo cha maabara. Ikipita 1.5 tunaanza kuogopa sumu. Ni nafasi nyembamba sana, ndiyo maana dawa hii haiendi bila maabara. Damu ichukuliwe masaa 12 baada ya dozi ya mwisho: amemeza saa tatu usiku, atolewe damu saa tatu asubuhi, na kama ana dozi ya asubuhi aimeze baada ya kutolewa. Akimeza kwanza, jibu litadanganya.

Wapo waliotulia muda mrefu, figo nzima, daktari akawaruhusu kufunga kwa dozi moja ya usiku na vipimo kabla na katikati ya mwezi. Mdogo wako bado mgeni wa dawa na anakojoa sana. Joto la Mombasa nalifahamu. Mimi nisingemshauri afunge mwaka huu. Na msimnyime maji kwa kuona anakunywa mno, kiu hiyo inamlinda. Mgonjwa ana ruhusa yake katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, na imamu wenu atamweleza kuhusu kulipa au fidia.

Hata asipofunga, Ramadhani ina mtego wake, nao ni usingizi. Tarawehe, baraza mpaka usiku mkubwa, daku, halafu alfajiri. Kukosa usingizi siku chache kunatosha kumpandisha mtu mwenye baipola. Akalale mapema, msimwamshe daku. Na kama ni mnywaji wa kahawa asiikate ghafla, maana kahawa husaidia kuitoa lithiamu mwilini, na ukiikata kiwango hupanda.

Mgongo ukimuuma, duka la dawa watampa diklofenaki au ibuprofeni. Asizimeze, zinapandisha lithiamu. Parasetamoli haina shida hiyo. Dawa za presha zile za kukojoza, vilevile asianze bila daktari wake kujua.

Akitapika au kuharisha, mikono ikaanza kuruka kwa nguvu, akayumba, ulimi ukawa mzito au akachanganyikiwa, dozi inayofuata asimeze na mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Semeni neno lithiamu mkifika mlangoni.

Tena popote atakapokwenda mseme amitriptilini ilimpandisha. Dawa ya sonona ikitolewa peke yake kwa mwenye baipola inaweza kufanya hivyo, na sonona ya baipola ukiitazama haina tofauti na sonona nyingine. Inabidi mtu aulize kama mgonjwa aliwahi kupanda, au kama kuna jamaa wa damu mwenye hali hiyo.

Kwa shangazi yako: kombe na dua aendelee nazo, tena dua tunazihitaji. Ila asimtoe mtoto kwenye vidonge.

BintiMjiKale

Allah awalipe kheri nyote. Nimekaa naye dukani tukiwa peke yetu, nikamuuliza alivyokuwa akijisikia, nikanyamaza kama Fundi alivyosema. Ameongea mpaka adhana. Amesema kinachomuuma si saumu hasa, ni kwamba wateja wanatazama vidole vyake. Kuhusu maji, mama alikuwa akimwekea kipimo kwa kuhofia kojo la usiku. Nimemsomea maneno ya MamaWodi, ameacha. Yeye mwenyewe amekubali kwenda kliniki kabla ya mwandamo. Na kumbe mjomba wetu wa Lamu alikuwa na hali hiyohiyo, mama kanitajia leo.

Nikiingia kwa daktari na dakika zile chache, nianze na lipi?

FundiNgamiani

Aanze yeye, wewe kaa pembeni. Aandike karatasi kabla ya kwenda: kazi yake na mtetemo unavyomzuia, anaamka mara ngapi usiku, anakunywa kahawa kiasi gani, anatafuna muguka au hatafuni. Muguka aseme ukweli, daktari si polisi. Mtajeni na mjomba wa Lamu. Halafu aombe vipimo vitatu: kiwango cha lithiamu, figo, tezi. Kama mtetemo ndio unaomuondoa kazini, asikubali kutoka bila jibu la mtetemo, iwe dozi au dawa nyingine. Asubuhi ya kipimo abebe vidonge vyake mfukoni, ameze akishatolewa damu.

MamaWodi

Na mchukue tarehe ya kurudia kipimo ndani ya Ramadhani kabla hamjatoka hapo, hata kama hafungi. Wakibadilisha dozi, damu irudiwe baada ya wiki moja hivi.