Kevo anautafuta mstari

Kevo: Senje nimeshuka Maseno. Anko alisema tukutane kwa mstari wa ikweta. Siuoni.

Senje: Umeangalia vizuri?

Kevo: Barabara yote. Labda waliweka lami mpya ukafunikwa.

Baba Tash: 😂😂 Lami!

Mercy: Kevo, huo huwa wanaukunja jioni, asubuhi wanautandika tena.

Kevo: Na saa hizi ni saa nne, bado hawajaamka?

Kukhu: 🎤 0:47

Mercy: Kukhu anauliza kama huo mstari umebebwa na watu wa skrapu 😭

Baba Tash: Mercy wacha. Kijana, ikweta haionekani, ni ya ramani. Hapo kuna kibao tu, kando ya hii barabara ya kwenda Busia. Nyuzi sifuri.

Kevo: Nyuzi sifuri na vile nimelowa jasho?

Mercy: Nimekufa. Nizikeni.

Senje: Msimcheke. Mtoto wa Free Area, Nakuru, atajulia wapi? Wewe Mercy ulipofika Nakuru mara ya kwanza si uliuliza trei ya mayai ya flamingo ni pesa ngapi?

Mercy: Senje hiyo tulisema haitaongelewa tena.

Baba Tash: Lakini mjue kwa ikweta mtu hupungua uzito kidogo. Si utani. Dunia imevimba kiunoni halafu inazunguka. Ukilinganisha na kule kwenye ncha, ni kama nusu kilo kwa kila kilo 100.

Senje: Kumbe! Ndiyo maana omena ya Luanda hainishibishi.

Baba Tash: Senje, omena hupimwa na mkebe wa gorogoro, si mizani. Gorogoro haijui ikweta. Huyo mama amebonyeza kitako cha mkebe.

Senje: Nitamwonyesha Jumamosi.

Kevo: NIMEUPATA!! Kumbe ni mistari mingi, myeupe, iko hapo chini kabisa. Watoto wa shule wanapita juu yake.

Baba Tash: Kevo.

Kevo: Nimesimama katikati, mguu mmoja kaskazini mwingine kusini. Nimepiga selfi. Lakini matatu za huku zina matusi.

Baba Tash: Kevo, hicho ni kivuko cha miguu.

Anko: Huyu wa kofia nyekundu anayepigiwa honi ni wetu?

Senje: Wewe uko hapo?

Anko: Tangu saa tatu, chini ya kibao. Nilimwona akiinama anapangusa lami na kiatu, nikasema hawa ni watalii.

Kevo: Anko uko upande gani, kaskazini ama kusini?

Anko: Upande wa mahindi choma. Toka barabarani.