MJADALA: Moyo ukishasimama, ini lirudishiwe damu humo humo mwilini?

Hoja: Hispania na Ufaransa, kifo kikishathibitishwa, pampu hurudisha damu tumboni mwa mtoaji ili kuokoa ini la kupandikizwa kwa mgonjwa mwingine. Marekani, chama cha madaktari American College of Physicians kilitaka mwaka 2021 zoezi hilo lisitishwe. Mnasemaje?

MPASUAJI: Naunga mkono, kwa sababu ya mirija ya nyongo. Ini lina milango miwili ya damu, lakini mirija hiyo hutegemea mmoja tu, ateri, mshipa unaoleta damu yenye oksijeni kutoka moyoni. Damu ikikatika, nishati ya seli huisha na saksineti, kemikali inayobaki seli zikikosa oksijeni, hurundikana. Madhara makubwa huja damu inaporudi: oksijeni ikikutana na saksineti ile, huzaliwa sumu zinazochana seli. Kulipooza ini kwenye barafu hadi nyuzi 4 hakufuti deni hilo, kunaliahirisha tu. Miezi kadhaa baadaye mgonjwa aliyepandikizwa anageuka manjano, mirija imesinyaa, anahitaji ini jingine. Kwa pampu, tunasubiri dakika 5 bila kumgusa mtoaji, tunaingiza mirija ya pampu kwenye mishipa ya kinena, kisha damu inazunguka saa 2 kwa nyuzi 37, lita 2 hadi 3 kwa dakika. Lakteti, kemikali inayopanda kwenye damu seli zikikosa oksijeni, hupimwa mara kwa mara. Isiposhuka, ini hilo halipandikizwi.

MWANAMAADILI: Daktari, umeruka hatua moja. Kabla pampu haijawashwa, aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, hubanwa juu ili damu isifike kwenye ubongo. Kama amekwisha kufa, mnabana nini? Kifo kilitangazwa kwa kuwa damu imesimama na haitarudi, nanyi mnairudisha. Tena puto la kuziba aota likikaa juu kuliko inavyotakiwa, au lisipojaa vizuri, damu inapanda.

MPASUAJI: Ndiyo maana shinikizo hupimwa pia kwenye ateri ya mkono wa kushoto. Pampu ikiwaka na shinikizo hilo likapanda, pampu inazimwa papo hapo. Timu nyingine hutoboa aota juu ya kibanio, damu yoyote inayopenya imwagike nje.

MWENDESHA MASHINE: Mbona mnabishana kana kwamba njia ni hiyo moja? Toeni ini, lipoozeni, kisha mashine isukume ndani yake maji yenye oksijeni, nyuzi 8 hadi 12, kwa saa 2 au zaidi. Kwenye baridi hiyo saksineti huungua polepole. Shinikizo la mshipa wa lango, ule unaoleta damu ya matumbo kwenye ini, liwe karibu milimita 5 za zebaki. Ukilizidisha unachubua kuta za vimishipa. Toeni mapovu yote ya hewa kabla ya kuunganisha. Utafiti wa wagonjwa 156 uliotoka 2021 ulikuta mirija imesinyaa kwa asilimia 6 ya wagonjwa wa mashine, dhidi ya asilimia 18 ya wale wa barafu pekee.

MPASUAJI: Sipingi, ila ini lililopoa halitoi nyongo. Kwenye joto naona lakteti ikishuka na ini likibadilika rangi mbele ya macho yangu.

MWANAMAADILI: Basi fomu ya ridhaa iandike waziwazi mambo mawili: damu itatembea tena tumboni, na njia ya kwenda ubongoni itazibwa. Kuandika “tutahifadhi viungo” hakutoshi. Familia ikisoma hayo ikakubali, nusu ya pingamizi langu imekwisha. Nusu iliyobaki ni ile maana ya kifo, na hiyo haifutwi na sahihi ya familia.