Bwawa la chumvi: asubuhi klorini ipo, saa nane mchana sifuri

fundi_kigamboni
Wakuu habari za leo, naombeni msaada kwa anayeyajua haya mabwawa ya kuogelea ya chumvi, yale mashine inatengeneza klorini kutoka kwenye chumvi ya maji. Nasimamia bwawa la nyumba ya wageni huku Kigamboni, lita elfu 50, liko wazi halina kivuli hata cha mnazi mmoja. Nikipima asubuhi klorini ni 2 ppm (sehemu kwa milioni), saa nane mchana nadondosha dawa kwenye kichupa maji hayabadiliki rangi kabisa, na mashine iko asilimia 100, pampu masaa 8. Chumvi 3200 ppm, pH 8. Bosi anasema niongeze mfuko wa chumvi ila mimi roho inakataa. Jumamosi wanakuja watoto.

mama_maji
Roho yako iko sahihi, chumvi iache hiyo inatosha. Klorini yako inaliwa na jua mdogo wangu. Stabilaiza, ile dawa ya kukinga klorini na jua, umepima? Bila hiyo mashine inatengeneza jua linamaliza, bwawa la chumvi linataka 60 mpaka 80 ppm. Kama huna kabisa, kwa lita elfu 50 kilo 3 zinakufikisha 60. Itie kwenye soksi uining'inize pale maji yanaporudi bwawani, inayeyuka taratibu, siku kadhaa. Usizidishe maana haipungui mpaka umwage maji.

kisima_mbezi
Naongezea, hiyo pH 8 nayo inaifanya klorini iwe mvivu, ishushe ifike 7.4 hadi 7.6. Halafu fungua seli, ile sehemu ya mashine inayotengeneza klorini, uangalie, kama mnajaza maji ya kisima yale magumu lazima kuna ukoko.

fundi_kigamboni
Nimefungua mkuu, bati za ndani zimeganda ukoko mweupe kama sufuria ya chai ya zamani!! Na stabilaiza haifiki hata 20.

kisima_mbezi
Basi umepata majibu yote mawili. Zima umeme kwanza, vaa glavu, loweka seli kwenye asidi iliyochanganywa na maji, na ni asidi ndo inaingia kwenye maji, usimimine maji kwenye asidi. Povu likiisha suuza, usikwangue na chuma. Na asidi isikutane na klorini hata chembe, ile hewa yake inaua.

mama_maji
Na kwa Jumamosi usisubiri mashine, Ijumaa jua likizama weka klorini ya maji pampu ikiwa inazunguka, asubuhi upime kabla mtoto yeyote hajagusa maji. Klorini ikiwa chini ya 2 hawaingii, hata bosi akinuna.

fundi_kigamboni
Asanteni sana, soksi naining'iniza sasa hivi.