Mnatukaribisha bure, halafu mnatubomolea kwa barua pepe moja!

Wakuu, nina hasira, nivumilieni.

Juzi nimekuta barua pepe kwenye folda ya taka, imetoka kampuni inayonihifadhia tovuti bure, jina siliweki hapa. Huduma inafungwa, nina siku 30 niondoe vitu vyangu. Basi! Hata nyumba ya kubomolewa hupigwa X nyekundu ukutani mwenyewe aione. Miaka 11 nimeweka humo mashairi ya marehemu baba, nimeyachapa shairi kwa shairi kutoka kwenye madaftari yake. Wanafunzi wake wa zamani wameandika chini yake wanavyomkumbuka, mmoja ametaja mpaka baiskeli yake iliyokuwa haina kengele. Madaftari ninayo. Maneno ya hao watu nitayatoa wapi?

Na asije mtu kuniambia cha bure hakina mwenyewe. Mchezo huu tuliuona kwa GeoCities, huduma ya kujenga tovuti bure. David Bohnett na John Rezner waliianzisha California mwaka 1994, ikiitwa Beverly Hills Internet. Watu walialikwa wachague mtaa wa mtandaoni: Hollywood kwa wapenda filamu, WallStreet kwa mambo ya pesa, Area51 kwa hadithi za anga za mbali. Unatafuta kiwanja chenye namba isiyo na mtu, unajenga. Walikuwa wakazi kabisa! Wenyeji wa kujitolea walimsaidia mgeni aliyekwama kwenye HTML, ile lugha ya kuandikia kurasa za mtandao. Zile kurasa zenye nyota zinazometameta, kibao cha "inajengwa" chenye kijitu kinachochimba, namba ya waliopita chini kabisa, vijana wa leo wanazicheka. Mtu alikesha kuzitengeneza.

Na hao wakazi ndio walioipa thamani. Agosti 1998 ikaingia soko la hisa la Nasdaq, Januari 1999 Yahoo ikatangaza kuinunua kwa hisa za dola bilioni 3.6 hivi. Waliojenga kurasa hawakuuliziwa. Katikati ya mwaka huohuo yakaja masharti mapya: Yahoo inajipa haki ya kutumia chochote ulichoweka, milele. Watu wakagoma, wakaondoa rangi kwenye kurasa zao zikabaki za kijivu, kampuni ikanywea. Lakini Oktoba 26, 2009 ikafunga GeoCities ya Marekani. Ya Japani ilifika Machi 2019.

Kilichookolewa kiliokolewa na watu baki! Archive Team, kundi la kujitolea la Jason Scott, walinakili kurasa kwa kukimbizana na tarehe, na mwaka 2010 wakagawa kifurushi cha zaidi ya gigabaiti 600 kwa yeyote anayekitaka. Wenye mabilioni walikuwa wapi?

Zimenibaki siku 28. Nimejaribu kuhifadhi ukurasa mmoja mmoja, shairi linakuja, maoni hayaji, panabaki peupe. Mwenye kujua programu inayonakili tovuti nzima pamoja na maoni aniandikie hapahapa, hata usiku wa manane nipo macho.