Tupeane uzoefu: gari la rimoti halina nguvu na betri "imejaa"

Mleta mada, Nakuru
Wadau, hapa tuzungumzie magari ya rimoti ambayo betri inasoma imejaa lakini ukivuta kifyatuo linatambaa kama kobe, linakatakata au linazimika kabisa. Leteni vipimo, tafadhali. "Nunua betri nyingine" si jibu.

Naanza na betri. Volti za betri iliyotulia hudanganya. Lipo (betri ya lithiamu-polima) ya seli 2 ikitoka kwa chaja itasoma 8.4 hata kama imechoka. Ipe mzigo kwanza. Tafuta balbu ya taa ya mbele ya gari, H4 ya volti 12, wati 55/60. Kwa mafundi wa magari hazikosekani. Unganisha nyuzi zake zote mbili sambamba, ziwake kwa pamoja. Kwa betri ya volti 8 hivi, balbu hiyo itavuta takriban ampea 7 hadi 8. Weka mita kwenye betri, hesabu sekunde 10. Lipo nzima ya 5000 mAh hushuka 0.2 au 0.3 tu. Ikishuka volti nzima, imekwisha. Balbu ikiwa bado inawaka, pima pia kila seli kwenye ile plagi ndogo nyeupe ya kusawazisha seli: moja ikibaki 3.9 na mwenzake akianguka hadi 3.4, mgonjwa umempata. Balbu huchoma, ilaze juu ya tofali. Na betri iliyovimba isijaribiwe wala kuchajiwa.

Waya Nene, Kondele
Sawa, lakini kwa magari mengi ya mtumba betri haina kosa. Kosa liko kwa plagi, na zile nyeupe za Tamiya ndizo sugu: vipini vyake hulegea, vinashika moto, plastiki inageuka rangi ya chai.

Mzigo ukiwa unavuta, gusisha ncha moja ya mita upande wa betri na nyingine upande wa gari, waya uleule mwekundu. Hapo unapima volti zinazopotea ndani ya plagi yenyewe. Zikiwa chini ya 0.05, endelea na safari. Zikifika 0.5 wakati gari linavuta ampea 20, hizo ni wati 10 zinazogeuka joto ndani ya kitu cha ukubwa wa kidole. Rudia kwa waya mweusi, watu husahau huo.

Dawa ni kuweka plagi ya aina ya XT60 au T. Tumia kifaa cha kulehemu kwa risasi cha wati 60 kwenda juu. Kile cha 30 cha kurekebishia redio hakitoshi, waya nene hunyonya joto lote na unapata kiungo cha kijivu chenye chembechembe, ambacho kitaachia kwenye matuta. Chomeka plagi dume kwa jike unapolehemu ili vipini visipinde plastiki ikilainika. Na huku kwetu karibu na ziwa, ukimenya waya ukakuta shaba imekuwa kijani, kata hadi ufikie shaba inayong'aa. Risasi haishiki kutu.

Swali kutoka Kakamega
Na zile seli za laptop kuukuu? Mafundi wanaunga mbili na kusema ni 7.4 sawasawa.

Mleta mada, Nakuru
Volti ni sawa, ampea ndizo hazipo. Seli ya laptop ya 2200 mAh kwa kawaida imeundwa kutoa ampea 4 hivi. Mota ya 540, saizi ya kawaida ya magari haya, inaweza kudai zaidi ya 40 gari linapong'oka. Kwa hiyo volti zinaporomoka, kidhibiti mwendo kinadhani betri imekwisha, kinakata. Waache wawekee tochi.

Tukiwa hapo: kidhibiti kikiwa kwenye mpangilio wa lipo na umeweka betri ya nikeli ya 7.2, kitakata mapema bila sababu, kwa kawaida karibu 6.4. Ukifanya kinyume, lipo itanyonywa hadi ife. Angalia hilo kabla hujafungua skrubu hata moja.

Risiva, Milimani Kisumu
Dalili tofauti: gari linakwenda vizuri, ukikata kona linapotea nusu sekunde, kisha linarudi. Ukitazama taa ya risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) inazimika na kuwaka. Hapo servo, ile mota ndogo ya usukani, ndiyo inakula umeme wa risiva. Ichomoe, endesha mbele na nyuma tu. Tatizo likitoweka, usikimbilie kununua servo. Sikiliza: ikinguruma magurudumu yakiwa yamekunjwa mwisho, inasukuma chuma kisichoenda popote. Punguza mwisho wa usukani kwenye rimoti. Kama bado, chomeka kapasita ya 4700 µF, volti 10 au 16, kwenye nafasi tupu ya risiva. Ukikosea chanya na hasi inaweza kulipuka.

Mama wa Mapacha, Bahati
Kwa vigari vya watoto vya betri 4 ndogo: zile za bei nafuu za redio haziwezi mota. Weka za kuchaji. Ni 1.2 kila moja, jumla 4.8 badala ya 6, na bado gari litakimbia zaidi kwa sababu hazilegei zikivutwa. Springi zikiwa na unga mweupe, sugua kwa msasa laini.

Waya Nene, Kondele
Na stima ikipotea, chaja nyingi za lipo zinakubali volti 11 hadi 18, kwa hiyo betri ya boda inafaa. Ila piga hesabu: 7.4 mara 5 ni wati-saa 37, na chaja inapoteza kidogo. Betri ya boda ya ampea-saa 5 ina 60 tu. Chaji moja kamili na mwenye boda atapiga kiki asubuhi.